Waya Uliochomekwa kwa Adabu

Baba mkwe wangu alikuwa na kipaji kimoja kilichonitisha, nacho ni kusalimia. Mimi ni mtu wa Morogoro, niliyeletwa Kibondo na barua ya ajira kufundisha fizikia, na kwetu ukishasema "mambo" na mwenzio akajibu "poa", mmemaliza, kila mtu ashike hamsini zake. Waha, wenyeji wa huku, hawana haraka hiyo. Mzee alikuwa akikusalimia anainama kidogo, anapiga makofi ya taratibu, anauliza umeamkaje, anapiga makofi, anauliza wa nyumbani wameamkaje, anapiga makofi, anahamia kwa mbuzi, kwa shamba, kwa mvua, na wewe unatakiwa ujibu yote huku nawe ukipiga makofi. Mara ya kwanza nilipopelekwa ukweni Kasulu nilidhani ni maombi. Nikasema amina. Mke wangu hajanisamehe mpaka leo.

Mzee alipostaafu ualimu wa shule ya msingi na kubaki na mizinga yake ya nyuki, mke wangu alimnunulia tableti. Akaanza kujirekodi. Alirekodi jinsi ya kutundika mzinga, jinsi ya kupachika jembe kwenye mpini, jinsi ya kutofautisha uyoga wa kula na uyoga wa kukupeleka kaburini. Elimu nzuri kabisa, isipokuwa kila video ilianza na salamu kamili, makofi yote, kana kwamba kila atakayeitazama amekaa mbele yake kwenye kigoda. Video ya dakika kumi na mbili, dakika nane ni salamu.

Mimi ndiye niliyekuwa nazihamisha, maana tableti ilijaa kila baada ya miezi michache. Nilikuwa nazitoa humo na kuzitia kwenye eksteno yangu, ile diski ya nje inayochomekwa kwenye kompyuta kwa waya, ndogo kama daftari la mkopo. Kila video nilikuwa naifungua kuhakikisha imehama salama, nikiona makofi yameanza naifunga. Siku nyingine naburuta mbele mpaka kwenye maana. Mzee aliniona nikifanya hivyo siku moja. Alitabasamu, akaendelea kuchonga mpini wake.

Alifariki mwaka jana, maharage yakiwa yanavunwa. Tableti ilikuwa imeshatangulia, aliisahau kwenye mvua kule mizingani. Kwa hiyo sauti yake yote iliyobaki duniani ilikuwa ndani ya eksteno yangu, eksteno yangu ilikuwa juu ya friji, na paka wetu ni paka.

Ilianguka kwenye sakafu ya saruji. Niliposikia ule mlio nilijua, kama vile mwalimu anavyojua nani amevunja dirisha kabla hajafika darasani. Haikufa papo hapo, lakini tangu siku ile ilikuwa mgonjwa. Ukiichomeka inafanya kazi, inapata joto, inaanza kulia tk, tk, tk, kisha inapotea kwenye kioo. Inazimia. Ukiiacha ipoe inarudi, ila kila ikirudi inakaa muda mfupi kuliko mwanzo. Nilimwambia mke wangu ina mafua.

"Mwalimu," akasema, maana ndivyo anavyoniita akitaka nisikilize, "humo yumo baba. Usiniletee mzaha."

Nikaahidi nitaihamisha yote kwenye kompyuta mwisho wa wiki. Miisho ya wiki ikapita kadhaa.

Halafu mama mkwe akaja. Alishuka kwenye basi la kutoka Kasulu siku ya Ijumaa na unga wa muhogo, chupa mbili za asali, na simu yake ndogo imefungwa kwenye leso. Alipomaliza kunisalimia, nami nikiwa nimejitahidi na makofi yangu ya kigeni, alifungua leso akatoa kadi ya memori, kidude cha ukubwa wa ukucha.

"Mukwe wanje," akasema, "nataka unitilie mzee humu. Nikikaa kuchambua maharage nimsikie. Nimeanza kusahau sauti yake ilivyokuwa. Juzi nilikaa kutwa nzima najaribu kumsikia anavyosema 'yule mama', haikuja."

"Yule mama" ni yeye. Katika miaka yote niliyowajua sikumsikia mzee akimwita mkewe vinginevyo, hata kama wamekaa benchi moja.

Basi Jumamosi asubuhi, ukungu wa Kibondo ukiwa bado haujaondoka uani, niliketi mbele ya kompyuta yangu ya mezani. Sasa hapa nitaungama jambo ambalo sikulisema siku ile asubuhi. Eksteno ile haikuwa na mzee peke yake. Ilikuwa na filamu zangu za karate, nyingi, nilizozikusanya tangu chuoni. Nami nikajiambia, kwa busara yangu ya mwalimu wa fizikia: fundi mwenye akili hujaribu kwanza na vitu visivyo na thamani. Zitangulie filamu, nione mgonjwa anapumuaje, ndipo nimhamishe mzee. Nilijiambia maneno hayo kwa sauti ya mkaguzi kabisa, na niliyaamini. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa kupoteza filamu zangu.

Nikazianzisha, nikaenda kunywa chai. Zilichukua saa nzima. Zilipomalizika tu eksteno ikalia tk, tk, tk, ikazimia.

Nikatazama kumbukumbu za kompyuta na kupiga hesabu kichwani. Mwendo ule haukuwa mwendo, ulikuwa matembezi. Eksteno ya aina ile na tundu la bluu la kompyuta yangu, lile la kasi, vilitakiwa kukimbia mara tano zaidi. Kwa mwendo ule, folda ya mzee yenye video sitini na nne ingehitaji karibu saa mbili. Na mgonjwa alikuwa ameshatumia saa moja ya uhai wake kubeba watu wanaorushiana mateke.

"Imefika wapi?" mke wangu akauliza kutoka jikoni.

"Naipima kwanza," nikasema.

Tuliiweka ipoe juu ya mtungi wa maji, imevishwa mfuko wa nailoni. Wazo hilo lilikuwa la mama mkwe, na katika mawazo yote ya kitaalamu ya siku ile ndilo pekee lililofuata sayansi. Ilipopoa nikairudisha. Nilishika waya, nikausogeza kwenye tundu kidogo kidogo, maana tangu ile ajali tulikuwa tunaigusa eksteno kama mtoto mwenye homa.

"Buhoro buhoro, mukwe wanje," mama mkwe akasema nyuma yangu, yaani polepole, polepole. Neno hilo ndilo katiba ya nyumba yetu. Mlango unafungwa buhoro buhoro, chai inamiminwa buhoro buhoro, na mimi mwenyewe nimefundishwa kukaa kwenye kiti buhoro buhoro. Nikachomeka buhoro buhoro. Kompyuta ikalia kuitambua. Nikaanzisha folda ya mzee. Mwendo: matembezi.

Nikasimamisha, nikachomoa, nikahamisha kutoka tundu moja la bluu kwenda la pili. Matembezi. Nikahamia nyuma ya kompyuta, ambako buibui walikuwa wamejenga ghorofa. Matembezi. Nikatafuta kwenye simu, mtandao ukiwa unakuja na kuondoka, nikasoma ushauri wa mtu mmoja aliyejiamini sana: badilisha dereva. Dereva ni programu inayoiongoza eksteno ndani ya kompyuta.

"Nabadilisha dereva," nikawatangazia.

"Huyu wa sasa amekosa nini?" mama mkwe akauliza.

Nikamweleza. Alisikiliza kwa heshima mpaka mwisho, akamgeukia binti yake, wakasemezana kwa Kiha, wakacheka. Dereva mpya akaingia. Alikuwa mvivu kama mwenzake. Katika kuhangaika huko, video kumi na moja zikawa zimepita, kisha mgonjwa akalia tk, tk akazimia tena. Safari hii alikuwa amedumu dakika arobaini.

Nikamrudisha mtungini, nikachukua baiskeli kwenda mjini. Muuza vifaa vya simu karibu na stendi ni mtu mwenye asili ya Ujiji, muungwana sana, ambaye hajawahi kukubali kwamba duka lake halina kitu fulani. Nilimweleza shida yangu.

"Shida yako waya, mwalimu wangu," akasema kabla sijamaliza. Akatoa waya mwingine, kichwa chake cha bluu kikimeremeta. "Huu orijino. Lakini nakuusia, chomeka taratibu. Hivi vitu havitaki kishindo. Mimi nimewaona watu wanavunja meno ya ndani kwa papara, halafu wanakuja kunilaumu hapa."

"Taratibu," nikasema.

"Kama unamvisha mtoto kiatu."

Nikarudi na waya orijino. Mke wangu alikuwa amekaa kwenye mkeka na mama yake, maharage mbele yao, ila hakuna aliyekuwa akichambua. Walikuwa wananitazama. Nikaitoa eksteno kwenye nailoni, nikaifuta, nikapuliza tundu, nikachomeka kama ninavyomvisha mtoto kiatu, mama mkwe akisindikiza kwa buhoro buhoro yake, na hata mke wangu alishusha pumzi polepole. Adabu ilikuwa imejaa chumba kizima.

Matembezi.

Nilitukana. Nilitukana kwa Kiluguru, nikidhani sitaeleweka, lakini kuna maneno yanaeleweka na watu wote. Dakika chache baadaye mgonjwa akaanza kulia. Mke wangu akaniuliza, bila kelele, swali ambalo nilikuwa nalikimbia tangu asubuhi.

"Ile saa nzima ya mwanzo ilikuwa inahamisha nini?"

"Majaribio," nikasema.

Akaniangalia. Akanyanyuka akaenda jikoni, na kutoka kule tukasikia akilia kwa sauti ya chini, kilio cha mtu anayezika mara ya pili. Nilijisikia vibaya kuliko nilivyowahi kujisikia tangu nimwoe. Nilikaa nimeshika waya orijino kwa mikono yangu miwili ya mtaalamu.

Mama mkwe hakwenda kumbembeleza. Alisubiri eksteno ipoe, akaitoa mwenyewe mtungini, akaiweka mezani mbele yangu. Nikaanza tena: nafuta, napuliza, nasogeza kichwa cha waya kwenye tundu, unywele kwa unywele.

"Oya," akasema. "Hapana. Lete."

Akaninyang'anya waya.

"Unaingia wapi?"

"Hapo kwenye bluu, mama. Lakini buhoro..."

"Buhoro buhoro tumefanya tangu asubuhi, mtoto wangu analia. Mume wangu amepachika majembe ya watu wangapi Kasulu? Hakulibembeleza hata moja."

Akaupachika waya ule kwenye kompyuta kwa mkono uliolima miaka hamsini. Kwaa! Meza ikaruka. Nilipiga yowe. Nilikuwa na hakika ameng'oa tundu, meno na nusu ya kompyuta.

Kompyuta ikalia kuitambua eksteno. Nikaanzisha folda, na ile namba ya mwendo ikapanda, ikapanda tena, ikasimama mahali ambapo sikuwahi kuiona tangu niinunue. Haikuwa matembezi. Video za mzee zilikuwa zinaingia moja baada ya nyingine kama kuku wanaoitwa kula.

Nilikuja kusoma baadaye kilichotokea, na nilicheka peke yangu ofisini mpaka mwalimu wa historia akaniuliza kama niko sawa. Kichwa cha waya ule kina meno ya aina mbili. Ya mbele ni ya zamani, ya mwendo mdogo. Ya ndani ni mapya, ya kasi. Eksteno na kompyuta zikigusana zinaanza kwa kusalimiana: zinaulizana hali, zinaulizana uwezo, zinakubaliana mwendo. Ukichomeka kwa mara moja, meno yote yanafika kwa wakati na zinakubaliana kukimbia. Ukichomeka polepole, yale ya zamani yanatangulia, salamu inapigwa na kumalizika, mwendo mdogo umeshapitishwa, na yale mapya yanafika mazungumzo yameisha. Hakuna anayerudia salamu. Tulikuwa tumeichelewesha kwa adabu yetu, nyumba nzima, na mwenye duka juu.

Lakini wakati ule sikujua lolote. Nilimwita mke wangu kwa kelele, akaja na macho mekundu, tukasimama watatu mbele ya kioo tukihesabu. Arobaini. Arobaini na tisa. Mama mkwe hakuondoa mkono juu ya kichwa cha waya, kana kwamba ungetoroka. Hamsini na tano. Tk. Sitini. Tk, tk. Sitini na moja. Sitini na mbili.

Ikazimia. Haikuamka tena siku ile wala siku nyingine yoyote. Fundi wa Kasulu niliyempelekea aliitikisa sikioni kama nazi, akanipa pole.

"Sitini na mbili," mke wangu akasema, akanishika bega, na nikajua nimesamehewa kwa kosa ambalo alikuwa bado hajalijua.

Tulifungua ya majembe kwanza. Mzee huyo, amekaa kwenye kigoda chake, anainama, makofi, "mwakeye" ya asubuhi, makofi. Mkono wangu ulikwenda wenyewe kuburuta mbele. Nikauzuia. Mama mkwe alikuwa amenyooka kwenye kiti, anamjibu. Anapiga makofi anapopaswa kupiga, anajibu habari za nyumbani, za mbuzi, za mvua, hakuruka hata moja, na mzee alikuwa ameacha nafasi ya kila jibu. Kumbe zile nafasi nilizokuwa naziona ni ukimya wa kuchosha, zilikuwa za mtu kujibia. Salamu zilipokwisha, mzee akageuza shingo akaita nje ya picha, "Yule mama, lete nyundo!" na sauti yake mwenyewe mama mkwe, ya miaka ile, ikamjibu kwamba nyundo iko pale pale alipoiacha.

Mama mkwe alicheka na kulia kwa pamoja. Akaniambia nirudishe hapo, nikarudisha. Nikarudisha mara nne.

"Mbili zilizobaki," akauliza baadaye, akijifuta kwa ile leso, "ni zipi?"

Majina nilikuwa nimeyaona kwenye orodha ya folda, mzee aliyaandika mwenyewe, na kompyuta ilikuwa inazihamisha kwa alfabeti.

"Moja ni Uyoga, sehemu ya pili."

"Basi uyoga hatuli tena," mke wangu akasema.

"Na ya mwisho?"

"Inaitwa Yule Mama."

Mama mkwe akaniuliza mzee alisema nini humo. Nilikuwa mtu pekee duniani aliyewahi kuifungua. Nikakumbuka siku niliyoihamisha, barazani Kasulu, kigoda, makofi yanaanza, na kidole changu kikiifunga.

"Sijui, mama. Niliona salamu tu. Niliifunga."

Na kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza, nikasema yote. Saa nzima ya mwanzo, filamu, karate, busara ya fundi. Mke wangu aliondoa mkono wake begani mwangu. Nilisema nisameheni, nikasema tena, na neno lilikuwa jepesi mno kwa mzigo niliokuwa nalibebesha.

Mama mkwe aligeuza kadi yake ya memori kwenye kiganja.

"Niwekee hiyo filamu," akasema.

"Ipi, mama?"

"Yoyote. Nimwone aliyekaa kwenye nafasi ya mume wangu."

Nikajaribu kukataa, akanitazama, nikaiweka. Tukaitazama sote watatu, mchana kweupe, madirisha wazi, saa moja na nusu bila kuburuta mbele hata sekunde. Yule bwana wa karate alipiga teke mlango, akapiga teke meza, akapiga watu katika mgahawa, sokoni, juu ya paa, mpaka kwenye nyumba ya ibada. Sijawahi kuona filamu ndefu kama ile. Mama mkwe hakupepesa. Majina ya waigizaji yalipoanza kupanda kwenye kioo, alikunja leso yake na kunyanyuka kwenda kwenye maharage.

"Ameingia kwa watu mara saba," akasema. "Hajasalimia hata mmoja."